Kabla Umwage Doo kwa Sabuni ya Uso, Jua Kwanza Ngozi Yako ni ya Aina Gani

Beshte yako amekuja base akiwa na uso freshi. Hauna doa, hauna kipele, unang'aa kama sufuria mpya. Unamuuliza siri ni gani, anakutumia picha ya sabuni kwa WhatsApp. Kesho yake unapitia supamaketi, unatoa soo tatu, unabeba ileile. Wiki mbili zikiisha, yeye bado anang'aa na wewe umetoka chunusi hadi kwa shingo. Sabuni ni moja. Sasa shida iko wapi?

Shida ni kwamba ulinunulia ngozi yake sabuni, hukununulia yako. Sabuni ni kama kiatu: haijalishi ni kikali aje, kama si saizi yako kitakuumiza tu. Na wasee wengi hawajui saizi yao. Wanachagua kwa harufu, kwa rangi ya karatasi, ama kwa sababu kuna manzi fulani TikTok amesema imembadilisha maisha.

Leo tutembee polepole. Ukimaliza kusoma hii utajua ngozi yako ni gani, utajua cha kuangalia kwa lebo, na utajua sabuni gani ukiiona kwa kibanda unafaa kuikimbia kama kanjo amefika.

Sabuni inafanya nini kwa ngozi?

Kumbuka Kemia ya form four, hata kama ulikuwa unalala nyuma ya darasa. Sabuni ya kipande hutengenezwa kwa kuchanganya mafuta, ya mawese, nazi ama ya wanyama, na magadi makali yanayoitwa sodiamu haidroksaidi. Vikikutana vinatoa sabuni na glisarini. Kazi ya sabuni ni kushika mafuta na uchafu kisha maji yabebe vyote.

Shida ni kwamba sabuni haijui mafuta gani ni uchafu na gani ni yako. Ngozi yako ina mafuta yake ya asili yanayozuia maji yasitoroke na vijidudu visiingie. Ukiosha na sabuni kali, yote yanaenda.

Rudi pia form one, ile topiki ya asidi na besi. Ngozi yenye afya ina asidi kidogo, pH yake iko karibu na 5. Sabuni nyingi za kipande ziko kwa 9 hadi 10. Kila ukijipaka, unaisukuma ngozi upande wa besi, halafu inabidi ijirudishe yenyewe. Ngozi ngumu inarudi haraka. Ngozi kavu ama nyeti inachukua muda, na ukiosha tena kabla ijipange, inaanza kuwasha, kukwaruza na kuchanika.

Kwa hivyo ile hisia ya uso kukazana baada ya kuoga, mpaka ukitabasamu unahisi ngozi inavutwa, si dalili ya usafi. Ni ngozi inakuambia umeipora.

Ndiyo maana kuna vipande vingine vinaonekana kama sabuni lakini si sabuni ile ya magadi. Vinatengenezwa kwa visafishaji laini na pH yao iko chini. Dove, iliyotoka Marekani mwaka wa 1957, ni mfano unaojulikana, pH yake iko karibu na 7. Zile za kumimina za uso, zilizoandikwa kuwa za ngozi nyeti, nyingi pia ziko kwa kundi hilo.

Jipime mwenyewe, ni bure

Huhitaji mashine wala kulipa mtu. Chagua siku uko kwa keja na huna haraka. Osha uso kwa maji vuguvugu na sabuni laini, jikaushe kwa kubonyeza taulo, usisugue. Halafu usipake kitu. Hakuna mafuta, hakuna losheni. Kaa kama saa moja, piga simu zako, pika chapo, lakini usishike uso.

Saa ikiisha, chukua karatasi nyembamba ya tishu, ibonyeze kwa paji, pua, mashavu na kidevu. Kisha angalia.

Kama tishu imetoka na mafuta kila mahali, ngozi yako ni ya mafuta.

Kama tishu ni kavu, uso unakazana na unaona vigamba vidogo, ngozi yako ni kavu.

Kama paji, pua na kidevu vimeacha mafuta lakini mashavu yako kavu ama kawaida, una ngozi ya mchanganyiko.

Kama hakuna mafuta ya maana na hakuna kukazana, una ngozi ya kawaida. Shukuru Mungu na usiichokoze.

Na kama uso umeanza kuwasha ama kuchoma kwa sababu tu ya sabuni laini, ngozi yako ni nyeti. Hii inaweza kuja pamoja na aina yoyote kati ya hizo. Mtu anaweza kuwa na mafuta na bado awe nyeti.

Kitu kingine: ngozi hubadilika. Ukiwa kidato cha pili ulikuwa unang'aa kama mandazi, saa hii una miaka 27 na mashavu yamekauka. Ukihama kutoka Nairobi uende Mombasa, joto na unyevu vitakufanya utoe mafuta na jasho zaidi. Ukirudi Limuru mwezi wa saba, mambo yanageuka. Basi jipime tena mara kwa mara, hasa ukibadilisha mji ama msimu.

Ngozi ya mafuta: usiipige vita

Kosa kubwa la wasee wa ngozi ya mafuta ni hasira. Unaona uso unang'aa saa nne asubuhi, unaosha mara tano kwa siku, tena na sabuni ya kufulia kwa sababu "inakata mafuta." Hiyo sabuni ya kipande ilitengenezwa ikate mafuta kwa kola ya shati na masizi kwa sufuria. Kwa uso inaacha ngozi imekauka juu na imewashwa, na chunusi haziendi kwa sababu shida yake iko ndani ya tundu, si juu.

Osha mara mbili kwa siku, asubuhi na usiku, na mara moja zaidi ukitoka jim ama mechi. Inatosha.

Kwa lebo, tafuta asidi ya salisiliki, itaandikwa "salicylic acid", na mara nyingi iko kati ya asilimia 0.5 na 2. Hii inayeyuka kwa mafuta, kwa hivyo inaweza kuingia kwa tundu na kulegeza ule uchafu ulioziba. Kama chunusi zako ni nyekundu na zina usaha, kuna sabuni za "benzoyl peroxide" ambazo huua bakteria wa chunusi. Anza na asilimia ya chini, kama 2.5 ama 5, na ujue inachubua rangi ya nguo. Usijifute na ile taulo nyeusi ya mathe, utajieleza.

Sabuni ya makaa imekuwa fashoni. Haina noma kwa wengi, lakini usidanganywe kwamba inavuta sumu kutoka kwa mwili. Inakaa usoni sekunde thelathini halafu inaenda na maji. Kama unapenda unavyohisi, tumia. Kama ni ghali, huna haja.

Na hata ukiwa na mafuta, jipake losheni nyepesi baada ya kuosha. Tafuta iliyoandikwa "non-comedogenic", maana yake imetengenezwa isizibe matundu.

Ngozi kavu: punguza makali

Wewe ndiye adui wako ni sabuni ya dawa. Zile zenye harufu ya hospitali zilizozoeleka kwa kila bafu ya mtaa zinaweza kuwa sawa kwa mikono na miguu ya mtu aliyetoka shamba, lakini kwa uso wako mkavu ni kumwaga petroli kwa moto.

Tena, hiyo ahadi ya kuua vijidudu haina uzito mwingi kama unavyodhani. Mwaka wa 2016, FDA, mamlaka ya dawa na chakula ya Marekani, ilipiga marufuku viambato 19 kwa sabuni za kawaida za kuua bakteria, triclosan ikiwemo, kwa sababu watengenezaji hawakuonyesha kwamba vinashinda sabuni ya kawaida na maji. Kama huna ugonjwa wa ngozi ambao daktari ameusemea, sabuni ya kawaida inatosha.

Tafuta kipande laini ama sabuni ya maji isiyo na povu jingi. Kwa lebo, maneno mazuri kwako ni "glycerin", "shea butter" na "ceramides". Glisarini huvuta maji na kuyashika kwa ngozi. Shea hulainisha. Seramaidi ni aina ya mafuta ambayo ngozi yako tayari inayo na inayahitaji.

Lakini skiza, hakuna sabuni inaweza kulainisha ngozi kavu peke yake. Sabuni inaoshwa. Kazi yake kwako ni isiharibu. Kazi ya kulainisha ni ya mafuta unayopaka ukitoka, na yapake ndani ya dakika chache, ngozi ikiwa bado na unyevu. Ukikaa nusu saa ukitafuta charger, maji yashatoroka.

Na ile shawa ya moto mpaka kioo kinafunga ukungu? Najua Julai Nairobi ni baridi mbaya. Bado, maji ya moto sana yanaondoa mafuta ya asili ya ngozi yako. Weka vuguvugu na usikae nusu saa.

Ngozi ya mchanganyiko: sehemu mbili, akili moja

Hapa ndipo wengi wako na hawajui. Pua inang'aa, mashavu yanachubuka. Ukitumia sabuni ya chunusi kila mahali, mashavu yanalia. Ukitumia ya ngozi kavu, pua inabaki kikaango.

Njia rahisi: nunua sabuni moja laini ya uso mzima. Kama paji na pua zina chunusi, tumia ile ya salisiliki kwa sehemu hizo pekee, mara chache kwa wiki. Si lazima uso mzima upate dawa moja. Hata fundi wa nyumba hapaki ukuta wote kwa sababu kona moja inavuja.

Ngozi nyeti: maneno machache kwa lebo

Sheria yako ni moja: orodha fupi. Kadiri viambato vilivyo vingi, ndivyo nafasi ya kukuwashia inaongezeka. Adui mkubwa ni manukato, huandikwa "fragrance" ama "parfum". Kuna tofauti kati ya "fragrance-free" na "unscented". Ya kwanza haijawekewa manukato. Ya pili inaweza kuwa imewekewa kitu cha kuficha harufu, kwa hivyo bado inaweza kukuchokoza.

Usichanganyikiwe na neno "ya asili" pia. Ndimu ni ya asili, na ukijipaka kisha utembee juani inaweza kukuunguza ikuachie madoa meusi. Sabuni ya mwarobaini, ya manjano, ya aloe, ya karoti, zote zinaweza kumfaa mtu mmoja na kumtoa mwingine vipele. Ile sabuni nyeusi ya Afrika Magharibi, inayotengenezwa kwa majivu ya mimea kama maganda ya kakao na ndizi, ina wapenzi wengi, lakini pH yake iko juu na inaweza kukausha. Mti kuwa dawa haimaanishi kila ngozi inaukubali.

Kabla sabuni mpya iguse uso, ijaribu nyuma ya sikio ama ndani ya mkono karibu na kiwiko, mara moja kwa siku, kwa siku tatu. Ikiwasha, umeokoa uso wako.

Maboyz, hii ni yenu

Buda, najua unaoga na kipande kimoja kuanzia kichwa hadi vidole. Kama ngozi yako ni ngumu na haina shida, sawa tu. Lakini kama kila ukitoka kinyozi unatoka vipele kwa kidevu na nyuma ya shingo, hiyo mara nyingi ni nywele. Nywele zetu zimejikunja, zikikatwa chini sana zinarudi zikichoma ngozi kutoka ndani. Ukiongezea spiriti na sabuni kali juu ya hiyo ngozi iliyochomwa, unaongeza moto.

Osha kwa maji vuguvugu na sabuni laini kabla ya kunyoa, mwambie kinyozi asishuke hadi kwa ngozi, na hakikisha mashine imesafishwa kabla ikuguse. Sabuni ya salisiliki inaweza kusaidia nywele zisikwame. Kama nyuma ya shingo kumetoka vinundu vigumu visivyoisha, enda uone daktari mapema, kwa sababu hivyo vinaweza kugeuka makovu makubwa.

Sasa tuongee ile sabuni ya "kutakata"

Hapa ndio sababu nimeandika hii story.

Mimi mwenyewe nimewahi kuingia huo mtego. Nilikuwa nasimamia arusi ya cuzo, zimebaki wiki tatu, na nilikuwa na madoa ya chunusi kwa mashavu. Nikapita kibanda fulani tao, jamaa akaniangalia uso kama fundi anaangalia gari lililogongwa. Akatoa kipande kimefungwa kwa karatasi ya dhahabu, ina picha ya manzi mweupe, haina orodha ya viambato, haina tarehe. Akaniambia, "Siku saba tu, siz, utanishukuru."

Siku ya tatu uso ukaanza kuwasha. Nikarudi, akaniambia ni uchafu unatoka. Siku ya kumi nilikuwa mweupe kweli kwa mashavu, mwekundu kwa pua, na mweusi kuzunguka macho. Kwa picha za arusi nimepakwa foundation nene kama plasta ya ukuta. Ilichukua miezi mingi rangi kurudi, na kuna alama moja karibu na sikio bado iko. Mathe aliniangalia akauliza swali moja tu: "Ni nani alikuambia rangi niliyokupa ni mbaya?" Sikuwa na jibu.

Nilikuwa na bahati. Sikujua nilichojipaka, na hilo ndilo tatizo lenyewe. Ziko sabuni za kujichubua zenye zebaki. Shirika la Afya Duniani, WHO, limesema sabuni kama hizo huwa na karibu asilimia 1 hadi 3 ya iodaidi ya zebaki. Zebaki inaizuia ngozi isitengeneze rangi, ndiyo maana unaona mabadiliko haraka. Lakini inapenya ikaingia mwilini. Inaharibu figo, inaathiri mishipa ya fahamu, inaweza kuleta wasiwasi na huzuni nzito, na kwa mama mjamzito inamfikia mtoto. Si wewe pekee unaumia. Inashika kwa taulo na mashuka, na watoto wa nyumba wanaweza kuipata bila hata kuigusa sabuni.

Mkataba wa Minamata wa 2013 uliwekwa kupunguza zebaki duniani, na vipodozi vyenye zebaki viliingizwa kwa orodha ya vitu vya kuondolewa sokoni. Hapa Kenya, vipodozi vyenye zebaki na haidrokwinoni havikubaliwi. Lakini nenda mitaani uone kama vimeisha.

Haidrokwinoni ni ile madaktari wa ngozi wanaweza kuandikia mtu kwa muda mfupi, kwa kipimo. Ukijipaka miaka bila kusimamiwa, inaweza kukuletea madoa ya bluu-nyeusi ambayo ni magumu sana kutoa. Yaani ulitaka weupe, ukapata giza lisilotoka. Vipodozi vingine huchanganywa na steroidi kali, kama klobetasoli. Ngozi inakuwa nyembamba, mishipa inaonekana, na ukiacha, chunusi zinarudi na hasira.

Na asidi ya kojiki, ile sabuni ya rangi ya chungwa iliyojaa TikTok? Haiko kundi moja na zebaki, lakini inaweza kuwasha na kukausha, na inaifanya ngozi iogope jua. Usiitumie kila siku kama sabuni ya kuoga, usiiache usoni dakika kumi kama wanavyoonyesha, na bila sanskrini ya mchana unajilipia madoa mapya.

Hivi ndivyo utaijua sabuni ya kukimbia:

Inaahidi kukubadilisha rangi kwa siku kadhaa.

Haina orodha ya viambato, ama orodha iko kwa lugha ambayo hata muuzaji haielewi.

Kwa orodha kuna "mercury", "mercuric iodide", "mercurous chloride", "calomel", "hydroquinone", "clobetasol" ama "betamethasone".

Inaambiwa usivae pete wala mkufu wa dhahabu ukiitumia. Zebaki inaharibu dhahabu na fedha, kwa hivyo hilo onyo ni kama kukiri kosa.

Muuzaji anaikata vipande, ama anakuchanganyia mwenyewe kwa kopo.

Soma lebo kama unasoma mkataba wa nyumba

Viambato huandikwa kuanzia kilicho kingi hadi kidogo. Ukiona mwanzoni "sodium palmate", "sodium tallowate" ama "sodium cocoate", hiyo ni sabuni ya kawaida ya magadi. Ukiona "sodium cocoyl isethionate", hicho ni kisafishaji laini. Ukiona neno shea kubwa mbele, halafu kwa orodha liko mwisho kabisa baada ya manukato, umelipia picha ya shea.

Angalia pia alama ya ubora ya KEBS. Chini yake kuna nambari ya kibali. Andika SM#, ufuatishe hiyo nambari, tuma kwa 20023, utaambiwa kibali ni cha bidhaa gani na kampuni gani. Bidhaa za kutoka nje huwa na stika yao ya ISM. Jibu likisema ni unga wa chapati na wewe umeshika sabuni, rudisha kwa rafu.

Na bei? Ghali si dawa. Kipande laini cha mia mbili kinaweza kukufaa kuliko chupa ya elfu tatu iliyojaa manukato. Kama bajeti ni ndogo, weka doo kwa losheni na sanskrini, vitu vinavyobaki kwa ngozi. Sabuni inaenda kwa mfereji.

Maji ya mtaa nayo?

Wengi hatuoni hii. Kama ploti yenu inatumia maji ya borehole, ile ya chumvi, mara nyingi yana madini mengi. Sabuni ya magadi ikikutana nayo haitoi povu vizuri, inatengeneza utando mweupe. Ule unaouona kwa karai ndio huo unabaki kwa ngozi yako na kukuwasha. Kwa hivyo kabla ulaumu sabuni, jiulize kama ulihamia keja mpya. Jaribu kusuuza uso na maji ya mvua ama ya mtungi, hata kikombe kimoja, na utumie kisafishaji laini. Hicho hakitengenezi utando kama sabuni.

Matumizi nayo ni nusu ya kazi

Paka kwa mikono, si kwa kile kitambaa kigumu cha kusugulia kisigino. Sugua polepole, nusu dakika, suuza vizuri hadi mstari wa nywele. Kipande kiweke mahali kinakauka, si ndani ya bakuli la maji. Usishiriki taulo ya uso, hata na bae. Kama ulijipodoa, toa kwanza make-up kwa mafuta ama kitoa-podo, ndio sabuni ifuate.

Halafu kuwa mpole. Ngozi huchukua karibu mwezi kujibadilisha, kwa hivyo ipe sabuni mpya wiki nne hadi sita. Ukibadilisha kila Ijumaa, hutajua iliyosaidia wala iliyoharibu. Lakini kama inachoma, inavimba ama inatoa malengelenge, acha siku hiyohiyo. Uvumilivu si kuvumilia maumivu.

Madoa meusi yanayobaki baada ya chunusi pia yanahitaji muda. Kwa ngozi zetu nyeusi, kila jeraha dogo linaweza kuacha doa. Usifinye chunusi, usipake dawa ya meno. Jikinge na jua. Mengi ya hayo madoa huisha yenyewe polepole ukiyaacha.

Na kuna wakati sabuni haitoshi. Chunusi zikiwa kubwa, zinauma, zinaacha mashimo, ama ngozi imebadilika rangi baada ya kutumia kipodozi usichokijua, enda hospitali. Beba hiyo sabuni na karatasi yake. Usione haya. Daktari ameona mengi, na akijua ulichotumia atakusaidia haraka.

Wikendi hii basi, kabla uingie supamaketi, osha uso, kaa saa moja, shika tishu. Halafu nenda ukachague sabuni ya ngozi uliyonayo. Na ukipita kile kibanda, jamaa akikuangalia uso kama gari lililogongwa, mwambie asante, wewe huna haraka ya siku saba.